Modemu ya GSM kwenye ttyUSB0 haijibu AT, Debian (Linux)

mtwara_shangani
Wakuu, habari za leo. Nina modemu ya GSM yenye poti ya siriali ya pini 9, ya kutuma SMS za uzito wa korosho kwa wakulima wa chama cha msingi huku Kitaya. Nimeichomeka kwa waya wa siriali kwenda USB. `dmesg` (kumbukumbu za mfumo) inasema `ch341-uart converter now attached to ttyUSB0`, ila minicom, programu ya kuongea na poti ya siriali, inagoma: Permission denied. Nikitumia sudo inafunguka, naandika AT (amri ya kuiita modemu, ijibu OK), kimya. Nianzie wapi?

korosho_ghafi
Ruhusa kwanza. Andika `ls -l /dev/ttyUSB0`, utaona faili ni la kundi la dialout, la wenye ruhusa ya poti za siriali. Jiingize:

`sudo usermod -aG dialout jinalako`

Hiyo `-a` usiisahau, bila yake unatolewa kwenye makundi mengine yote, sudo ikiwemo. Kisha toka kwenye akaunti uingie upya.

Kimya chako nadhani ni hiki: `minicom -s`, ingia "Serial port setup", bonyeza F ili "Hardware Flow Control" iwe No. Nyaya nyingi za bei nafuu zina pini 2, 3 na 5 tu. Minicom inasubiri ishara ya CTS (ruhusa ya kutuma) ya pini 8 ambayo haiji, kwa hiyo haitumi hata herufi moja. Waya wenyewe uwe wa moja kwa moja, 2 kwa 2 na 3 kwa 3. Ule wa kupishana ni wa kompyuta kwa kompyuta.

mikindani
Na ModemManager mkuu, programu ya Linux inayosimamia modemu. Ikiona poti mpya inaweza kuichokonoa kwa AT zake, mkagombania. `sudo systemctl disable --now ModemManager`, halafu `sudo fuser -v /dev/ttyUSB0` ikuonyeshe kama bado kuna aliyeishikilia. Zikitoka herufi za ajabu ajabu, kasi ya poti haijalingana: jaribu 115200, kisha 9600.

mtwara_shangani
Ilikuwa F! Sasa OK inakuja. Ila `AT+CREG?` (kuuliza kama imejisajili mtandaoni) inaleta `+CREG: 0,5` na SMS haziendi.

korosho_ghafi
1 ni nyumbani, 5 ni ugenini. Hapo Kitaya mto Ruvuma, mpaka na Msumbiji, uko jirani tu, laini yako imeshika mnara wa Msumbiji. Andika `AT+COPS=?` ikuorodheshee mitandao na usubiri, inaweza kupita dakika nzima, usibonyeze kitu maana utaikatiza. Namba zinazoanza na 640 ni Tanzania, 643 ni Msumbiji. Chukua ya mtandao wako:

`AT+COPS=1,2,"640xx"`

xx ni tarakimu mbili ulizoziona kwenye orodha. Usitegemee modemu ikumbuke ikizimwa, skripti yako iitume kila inapoanza. Kisha `AT+CSQ`, nguvu ya mawimbi: ikiwa chini ya 10 hamisha antena, 99 ni kwamba haijapima kitu.

mikindani
Ukituma SMS ya majaribio (`AT+CMGF=1`, kisha `AT+CMGS="+255..."`, ujumbe, Ctrl-Z) na modemu ikajizima na kuwaka, usihangaike na programu. GSM wakati wa kurusha inaweza kuvuta hadi ampia 2 kwa mpigo, adapta dhaifu inaporomosha volti.

mtwara_shangani
`+CREG: 0,1`, na CSQ ni 14. SMS imefika.