Kigiriki cha Biblia na cha leo: nani anakosea matamshi?

Mdadisi77: Wanajukwaa, kitabu cha Kigiriki cha Agano Jipya kinafundisha β isomwe "b" na η isomwe "ee". Wagiriki wenyewe leo wanasema "v" na "i". Nani kakosea? Na anayejua Kigiriki cha Biblia, gazeti la Athens atalisoma?

Kalamu: Hakuna aliyekosea, ila wanasoma zama mbili. Kitabu chako kinafuata usomaji wa Erasmus, mwanazuoni Mholanzi aliyetoa hoja zake mwaka 1528. Ushahidi mtamu kuliko wote ni kondoo: Cratinus, mtunzi wa vichekesho wa Athens karne ya 5 KK, aliandika mlio wake βῆ βῆ. Usome kwa matamshi ya leo, unapata "vi vi". Kondoo gani huyo?

Baadaye irabu zikaporomokea kwenye "i". Leo η, ι, υ, ει, οι na υι zote ni "i" tupu. Υ na οι ndizo zilizochelewa, hadi karne ya 10 au 11 hivi. Hasara yake: ἡμεῖς (sisi) na ὑμεῖς (ninyi) zikawa neno moja masikioni, "imis". Ikabidi ziundwe εμείς na εσείς, hiyo ya pili juu ya εσύ, "wewe". Wanakili wa Biblia nao waliteleza hapo hapo: 1 Yohana 1:4, nakala nyingine zina "furaha yetu", nyingine "furaha yenu".

BinMvita: Kwa konsonanti, msemaji wa Kimvita hahitaji mwalimu. Tofauti ya p'aa wa porini na paa la nyumba ni pumzi tu, na φ, θ, χ za kale zilikuwa hivyo: p', t', k'. Warumi walisikia pumzi hiyo, wakaandika ph, th, ch. Leo zimekuwa f, th ya thelathini, na kh. Nazo b, d, g zikalainika: v, dh ya dhahabu, gh ya ghali (mbele ya "e" na "i", γ inakaribia "y").

Wageni wengi hukwama hapa: b ya leo huandikwa μπ, d ni ντ, g ni γκ. Μπανάνα ni banana, usisome "mpanana".

Mdadisi77: Na sarufi?

Msarifu: Kitenzi-jina kimekufa. Zamani θέλω γράφειν, "nataka kuandika". Leo θέλω να γράψω, "nataka niandike". Hiyo να ni ἵνα ("ili") iliyokatwa kichwa. Wakati ujao ukazaliwa humo humo: θέλω ἵνα, kisha θε να, mwisho θα. Ni njia ile ile ya -ta- yetu iliyotoka kwa "taka", ambayo bado unaiona nzima kwenye "nitakapofika".

Uhusika wa "kwa/kumpa" (datifu) nao umebaki kwenye misemo iliyoganda tu. Εντάξει, "sawa" ya kila siku, ni ἐν τάξει, "katika utaratibu".

Gazeti? Mizizi mingi utaitambua, lakini maneno ya nyumbani yatakuangusha. Maji si ὕδωρ tena, ni νερό, kutoka νεαρὸν ὕδωρ, maji freshi. Nyumba ni σπίτι, la Kilatini hospitium. Mkate ni ψωμί, ingawa ἄρτος utaikuta kanisani na kwenye kibao cha duka la mkate, αρτοποιείο. Habari rasmi za kabla ya 1976 zingekufaa zaidi, maana ziliandikwa kwa katharevusa, lugha iliyopambwa kwa ukale. Mwaka huo dimotiki, lugha ya watu, ikapewa shule na ofisi. Mwaka 1982 alama za pumzi na aina tatu za mkazo zikafutwa, ikabaki alama moja.

Mdadisi77: Basi nisome Yohana kwa matamshi ya leo?

Kalamu: Ukipenda, soma. Ila imla itakushinda: ukisikia "i" una maandishi sita ya kuchagua. Kukariri tahajia tumia Erasmus. Kuongea na Mgiriki, ya leo. Na Paulo hakutamka kama Erasmus wala kama Wagiriki wa leo: zama zake ει ilikwisha kuwa "i", lakini υ bado.