Tupeane uzoefu: Tulioacha kazi zetu za awali na kuanza kulea watoto wa wenzetu nyumbani

Mwanzisha mada:

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimeanzisha mada hii kwa ajili yetu sisi tuliokuwa na kazi nyingine, tena kazi zenye mshahara wa kila mwezi, kisha tukaziacha na kuanza kulea watoto wadogo wa wenzetu mchana kutwa katika nyumba tunamoishi. Naulizwa mara kwa mara na watu wanaotaka kuchukua hatua hiyo, na naona majibu yangu peke yangu hayawatoshi. Naomba kila mmoja atuambie alikuwa anafanya kazi gani, nini kilimsukuma kuiacha, na alikuta nini ambacho hakukitarajia. Machungu tusiyafiche, maana huenda kuna mtu ameshaandika barua ya kuacha kazi na anasubiri kusoma hapa kabla ya kuipeleka.

Nianze mimi. Nilikuwa karani wa benki kwa miaka 11, nikaacha baada ya kujifungua mtoto wa pili, nilipopiga hesabu na kuona kwamba sehemu kubwa ya mshahara ingeishia kwa mlezi. Nilichokuta ni kwamba sebule ilikoma kuwa sebule. Mzazi wa kwanza hubisha hodi saa 12:30 asubuhi, na kabla hajafika ni lazima nyumba nzima iwe imekwisha kukaguliwa kwa macho ya mtoto anayetambaa: soketi, sabuni, dawa, ndoo ya maji. Ndoo naitaja kwa makusudi, kwa sababu mtoto mdogo akitumbukiza kichwa huzama katika maji ya kina cha sentimita chache, wala hapigi kelele. Benki ilinifundisha kuhesabu noti mara mbili kabla ya kuzitoa dirishani, na tabia hiyo nimehama nayo. Kila tunapovuka mlango, wa kutoka au wa kuingia, nahesabu vichwa, kisha nahesabu tena.

Aliyekuwa muuguzi:

Asante, dada, kwa mada hii. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka 14, na kilichoniondoa ni zamu za usiku, kwa sababu nilikuwa nawabembeleza watoto wa wengine huku wangu wakilazwa na jirani. Niliingia katika malezi nikiamini kwamba sina jipya la kujifunza. Nikakuta tofauti moja kubwa: wodini mzazi hukusikiliza kwa sababu umevaa sare, lakini nyumbani mzazi huyohuyo hukuona kama jirani anayemsaidia tu.

Mvutano wangu wa kwanza ulihusu usingizi. Mama mmoja alitaka mwanawe wa miezi 3 alazwe kifudifudi, kwa kuwa ndivyo anavyolala kwa muda mrefu. Nilikataa. Nilimweleza kwa upole kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 hulazwa chali, kwenye godoro gumu lenye shuka iliyobana, bila mto, bila blanketi lililolegea, bila mwanasesere pembeni, na kwamba Marekani ilipoanza kampeni ya kuhimiza jambo hilo mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata. Alikubali baada ya siku mbili. Asingekubali, ningemrudishia mtoto wake, na hilo nalisema kwa uzito wote.

Nawasihi pia msipokee mtoto hata mmoja kabla ya kupata mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto. Mtoto aliyepaliwa kabisa halii wala hakohoi, hunyamaza. Nilikuwa nimepiga magoti mkekani nambadilisha nepi mtoto mmoja, na mwingine wa miezi 9 alikuwa nyuma yangu anabwabwaja peke yake, mara sauti ikakatika. Nilipogeuka nikakuta mdomo uko wazi na midomo imeanza kubadilika rangi. Nilimlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, nikampiga mgongoni katikati ya mabega, na kwa pigo la nne kikatoka kifungo cha shati. Yangefika matano bila kutoka, ningemgeuza na kumsukuma kifuani mara tano, kisha ningeanza upya. Kifungo kilikuwa cha shati nililolivaa. Tangu siku hiyo nguo zangu za kazi hazina vifungo.

Aliyekuwa mhasibu:

Nawashukuru mliotangulia. Mimi nitasema juu ya fedha, kwa kuwa wengi huingia kwa mapenzi ya watoto na kutoka kwa madeni. Biashara hii ina kikomo cha mapato ambacho biashara nyingine hazina. Duka likichangamka utauza zaidi, lakini huwezi kuongeza watoto kwa kadiri ya maombi, kwa sababu mikono yako ni miwili, na sehemu nyingi sheria huweka idadi ya juu ya watoto kwa kila mlezi, idadi ambayo hupungua zaidi watoto wanapokuwa wachanga. Kwa hiyo, kabla ya kuaga kazini, ulizia kwanza masharti ya usajili mahali ulipo, kisha piga hesabu kwa idadi hiyo inayoruhusiwa wala si kwa idadi unayoitamani, na uone kama inalipa. Mimi niliweka akiba ya matumizi ya miezi 6, na mwezi wa tano nilikuwa bado na watoto wawili tu.

Jambo la pili ni mkataba wa maandishi. Uandike saa ya kuleta na saa ya kuchukua mtoto, malipo ya mzazi anayechelewa, hali ya ugonjwa ambayo mtoto hapokelewi, nani anaruhusiwa kumchukua, na kama siku ambazo mtoto hakuja hulipiwa. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na mkataba, kwa sababu wazazi wote walikuwa rafiki zangu na niliona haya. Mmoja aliacha kulipa kwa miezi mitatu, na siku nilipomkumbusha aliniuliza kwani nafanya kazi gani zaidi ya kukaa nyumbani. Nilipoteza fedha na rafiki kwa pamoja. Mkataba ungenilinda mimi, na ungemlinda na yeye pia.

Aliyekuwa dereva wa malori:

Mimi ni baba, na niliacha safari za mbali baada ya mke wangu kupata kazi nzuri na mtoto wetu kuanza kuniita mgeni. Nisichokitarajia ni mashaka ya wazazi. Wapo waliofurahi nyumba, wakafurahi ratiba, kisha wakaondoka walipojua kwamba mlezi ni mimi. Sikuwalaumu, kwa kuwa mzazi ana haki ya kumwogopea mwanawe. Niliondoa mlango wa chumba cha kulala watoto nikaacha uwazi, nepi tunabadilisha mahali panapoonekana, dada yangu nimemwajiri ili tuwe watu wazima wawili muda wote, na mzazi anaweza kufika saa yoyote bila kutoa taarifa. Leo nafasi zimejaa.

Aliyekuwa mwalimu wa sekondari:

Nilichukulia kwamba aliyefundisha vijana 60 darasani hawezi kushindwa na watoto watano. Asubuhi za kwanza zilinivunja moyo. Kati ya miezi 8 na 18 hivi, mtoto huogopa sana kutengana na mzazi, na wazazi wengi hutoroka kwa siri ili wasione machozi. Mimi siruhusu kutoroka. Mzazi amkumbatie, amwambie anaondoka na atarudi, kisha aondoke kweli. Kilio hukoma, na wiki ya pili au ya tatu mtoto anajua kwamba ahadi hutimizwa. Kuhusu runinga, nimeizima: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku.

Aliyerudi ofisini:

Naomba na mimi nisikike, ingawa niliacha. Nililea kwa miezi 14. Watoto sikuwachoka. Niliumia kwa kukosa mtu mzima wa kuzungumza naye kutwa nzima, na zaidi kwa ajili ya binti yangu wa miaka 4, ambaye alianza kuficha vitu vyake chini ya kitanda na siku moja akaniuliza kama yeye pia atachukuliwa jioni. Mnaopanga kuanza, tengeni kwanza kona na saa ambayo ni ya mtoto wenu peke yake.

Mwanzisha mada:

Dada uliyerudi ofisini, nakushukuru kwa moyo wote. Leo jioni naanza kutenga hiyo saa.

Naomba pia ushauri wenu. Juzi mtoto aliyekuwa anasimama dede kwa wiki nzima alikwenda tete hatua tatu, kutoka kwenye kiti hadi magotini pangu. Mama yake alipofika sikumwambia, nikitaka azione mwenyewe na aamini kuwa ndizo za kwanza. Je, nilifanya vyema?

Aliyekuwa muuguzi:

Mimi ningemwambia, dada. Wodini tulikuwa tunasema kwamba ambacho hakikuandikwa hakikufanyika, na mzazi anayeniachia mwanawe ananiamini kwa kuwa daftari langu halirukii kitu, kiwe kibaya au kizuri.

Mwanzisha mada:

Nimeisoma mara mbili. Jana mama alinipigia simu usiku akilia kwa furaha, akanisimulia hatua nne. Kesho nitamwonyesha daftari, ukurasa wa siku ile ukiwa umejazwa.