Tupeane uzoefu: mazingaombwe yaliyokuacha mdomo wazi, na ulichokuja kugundua baadaye

Wakuu, uzi huu ni wa waliowahi kuona mazingaombwe ana kwa ana au kuyafanya wenyewe. Simulia ulichokiona, na kama uliijua siri baadaye, sema utamu uliisha au uliongezeka.

Naanza mimi. Jamaa alirusha kimpira juu akakidaka. Akarudia, akakidaka. Mara ya tatu kikapaa na kupotelea hewani. Ningeweza kuapa kwamba nilikiona kikipanda. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Uingereza walilipima jambo hili mwaka 2006 kwa vifaa vya kufuatilia macho ya mtazamaji. Mara ya tatu mpira hautoki mkononi kabisa. Mkono unapanda mtupu, mrushaji anainua uso kama anausindikiza kwa macho, basi. Wengi walisema wameuona ukipaa, ilhali macho yao hayakufika kule juu, yalikuwa yanamtazama usoni. Tangu hapo habari za "mikono myepesi kuliko macho" siziamini. Yule bwana wala hakuwa na haraka.

Kiganja
Umesema kweli, mkuu. Mimi hujifurahisha na sarafu. Kuibana katikati ya kiganja, kati ya msuli wa kidole gumba na nyama ya upande wa kidole cha mwisho, mtu yeyote anajifunza. Kazi ni kuufanya mkono huo uonekane hauna kitu. Anayeanza utamjua tu: kidole gumba kimekakamaa, na yeye mwenyewe anauchungulia mkono wenye siri!

Aliyenifundisha alinikataza kuzuga mpaka kwanza niihamishe sarafu kweli, mkono wa kulia kwenda wa kushoto, mbele ya kioo, tena na tena. Nitazame mabega yanavyokaa, macho yanakwenda wapi, mkono uliotoa unashuka vipi. Ndipo nifanye vilevile huku sarafu imebaki kulia. Wagumu kuwazuga ni watoto wadogo. Mtu mzima ukitazama kushoto naye anatazama kushoto, mtoto anakodolea anapotaka yeye.

Mbishi
Mnajifariji tu. Mengine yale ni uchawi mtupu, nimeona mtu akichomwa kisu mkononi na damu ikatoka.

Kiganja
Mbishi, hilo lina majibu tangu mwaka 1584. Mwingereza Reginald Scot, enzi ambazo watu walinyongwa kwa tuhuma za uchawi, aliandika kitabu kupinga tuhuma hizo na humo akaanika ufundi wa wafanya viini macho. Alichora hadi visu vyao: kimoja ubapa wake una pengo la kupitisha mkono, kingine ncha yake inarudi ndani ya mpini. Akaeleza pia kichwa "kilichokatwa" na kuwekwa juu ya sahani: meza ina tundu, mwenye kichwa kachuchumaa chini.

Fundi wa Jukwaa
Hicho kichwa ndicho kilichonileta hapa. Tulikitengeneza kwa ajili ya tamthilia, kwa mtindo wa Stodare, mfanya mazingaombwe aliyeonyesha kichwa kinachoongea alichokiita Sphinx pale ukumbi wa Egyptian Hall, London, mwaka 1865. Meza ya miguu mitatu, chini unaona mpaka pazia la nyuma, mtu atajificha wapi? Kumbe kati ya miguu kuna vioo viwili vinavyokutana kwenye mguu wa mbele. Unachodhani ni pazia la nyuma ni taswira ya mapazia ya pembeni, ndiyo maana yote lazima yawe ya rangi moja na mwanga sawa.

Kwenye karatasi ni rahisi. Jukwaani tulihenya. Alama moja ya kidole kwenye kioo inang'aa kama taa. Pazia la pembeni likijikunja, mkunjo unatokea chini ya meza. Mwigizaji akisogea mbele kidogo upande wa kulia, ghafla meza ina miguu ya suruali. Ikabidi tuchore mstari wa chaki sakafuni, hakuna kuuvuka. Na mtu wa ndani magoti yalimwaka moto, lakini usoni anatakiwa atabasamu.

Mama Wawili
Mimi niliitwa jukwaani kushika kamba. Dada kaingia sandukuni, kamba zimefungwa viganjani na miguuni mwake, ncha zake tumeshika sisi watazamaji. Msumeno ukapita katikati. Kamba yangu haikulegea hata kidogo! Nimekuja kujua mchezo huu wa kumkata mtu kwa msumeno ulionyeshwa na P. T. Selbit jijini London Januari 1921, naye pia aliwapa watazamaji kamba washike. Kilichonichoma: aliyefanya kazi ngumu ni dada wa ndani, kujibana kwa sekunde chache bila sanduku kutikisika, halafu makofi akapigiwa mwanaume mwenye msumeno.

Mpita Njia
Ndugu yangu alilizwa kwenye karata tatu. Waliokuwa "wanashinda" pembeni wote walikuwa kundi moja. Kuna mchoro unaohusishwa na Hieronymus Bosch, wa miaka mia tano hivi iliyopita: mtu kainama anakodolea vikombe na vimpira, nyuma yake mwingine anamchomolea mkoba. Nikiuona namkumbuka.

Mwanzisha uzi
Pole yake. Kuna changa la macho jingine ambalo mimi siwezi kulipigia makofi. Robert-Houdin, mfanya mazingaombwe wa Kifaransa aliyeanza kama fundi saa, mwaka 1856 serikali yake ilimtuma Algeria kuvunja nguvu za viongozi wa dini waliokuwa wakiwapa watu moyo wa kupinga utawala wa Ufaransa. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimwita mwanaume mwenye misuli anyanyue kisanduku kidogo. Kikanyanyuka. Akamwambia "sasa nakutoa nguvu zako", kikagoma. Chini ya sakafu kulikuwa na sumaku ya umeme, na kitako cha kisanduku ni chuma. Kisha akampitishia yule mtu shoti kwenye mpini. Ufundi wake naukubali, kazi aliyotumwa kufanya hapana.

Fundi wa Jukwaa
Kuna na mchezo uliomgeukia mchezaji mwenyewe. Mmarekani William Robinson alijifanya Mchina jukwaani, akajiita Chung Ling Soo, mbele ya watazamaji haongei Kiingereza kabisa. Alikuwa "anadaka" risasi. Bunduki ilirekebishwa ili mlipuko utokee kwenye bomba la chini, la kuwekea ufito wa kushindilia baruti, na risasi ibaki salama kwenye mtutu. Kwa matumizi ya miaka, baruti ikaanza kupenya hadi kwenye mtutu wenyewe. Machi 1918, Wood Green Empire, London, risasi ikatoka kweli. Akaomba pazia lishushwe, kwa Kiingereza safi, na siku iliyofuata akafariki.

Nina swali: kuna aliyewahi kushiriki mchezo wa silaha jukwaani? Nani alikuwa anakagua vifaa kabla ya onyesho, mchezaji au mtu mwingine?