"Leng zai" ni sifa au ni tusi katika Kikantoni?

Muuza Nguo wa Majengo:
Habari za leo, ndugu zangu. Nina duka la nguo katika soko la Majengo hapa Dodoma, na mwezi uliopita nilikwenda Guangzhou, China, kufungasha mzigo kwa mara ya kwanza. Karibu kila kibanda nilichopita waliniita "leng zai", isipokuwa mzee mmoja aliyeniita "lou baan", na siku ya mwisho kijana mmoja alimnong'oneza mwenzake "hak gwai" huku akinitazama. Naomba anayekijua Kikantoni, lugha ya huko, anieleze, kwa kuwa nitarudi huko na sipendi kuchekea neno linalonidhalilisha.

Mkalimani, Nkuhungu:
Kaka, pole kwa hilo la mwisho. "Gwai" ni pepo au mzimu, na "hak" ni nyeusi. Ni tusi kwa mtu mweusi, wala usikubali kuambiwa kwamba ni utani. Mwenye adabu husema "hak yan", yaani mtu mweusi. Wazungu nao huitwa "gwai lo", ambapo "lo" ni mwanamume kwa lugha ya mtaani, na wapo Wazungu wa Hong Kong waliolizoea hata wakajiita hivyo wenyewe, ingawa wengine bado linawachoma.

"Lou baan" ni bosi au mwenye duka, kwa hiyo mzee yule alikuheshimu. "Leng zai" ni kijana mtanashati, na wauzaji humwita hivyo mteja yeyote wa kiume, awe mzuri wa sura au asiwe. Mwanamke huitwa "leng neoi". Hata hivyo, sikiliza sauti, kwa maana Kikantoni hubadili maana kwa kupanda na kushuka kwake: "leng" ikitamkwa kwa sauti ya kati ni sifa, lakini ikipandishwa juu, "leng zai" huwa kijana mdogo asiye na hadhi, na hapo unadharauliwa.

Mama Mitumba:
Mwanangu, mimi hutumia "sifu" kwa dereva na kwa fundi yeyote, kama sisi tunavyosema "fundi" hata kwa mtu tusiyemjua jina, nao hupokea vizuri.

Muuza Nguo wa Majengo:
Asanteni sana. Sasa nakumbuka kwamba mwenye kibanda cha suruali aliitamka kwa sauti ya kati, tena akanipunguzia bei.