Naomba ushauri: ilimba ya umeme inanguruma, halafu noti moja inagombana na kinanda

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Niko Dodoma, kazi yangu fundi simu ila muziki naupenda kufa, sasa nimechukua ilimba ya babu (ile ala ya Wagogo ya ndimi za chuma juu ya ubao, unazipiga kwa vidole gumba) nikaibandika piezo, kile kisahani cha kunasa mtetemo, chini ya ubao nikachomeka moja kwa moja kwenye mikisa. Sauti inatoka nyembamba kama bati na muungurumo wa umeme hauishi, nimebadilisha waya, nimezungushia foili, umepungua kidogo tu, nikishika chuma cha jeki ndo unatulia.

La pili, programu ya kutuni inasema noti moja iko chini kama senti 30 hivi (senti za sauti, 100 ni nusu toni). Jamaa wa studio anataka nikate ule ulimi kidogo ufanane na kinanda, babu kasema thubutu! Na kweli Wagogo wanaimba hivyo hivyo, sikio langu halioni kosa.

Swali, kwa piezo nikiweka saketi ndogo ya TL072 (chipu ya kukuza sauti) yenye rezista ya megaomu 1 pale mwanzo itatosha au niweke 10? Na kuna aliyewahi kuituni kinanda kifuate ilimba badala ya kuichokonoa ilimba, alitumia programu gani?