Naomba ushauri: nataka kuunda gitaa la umeme nyumbani, niko Wete

Seremala wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni seremala wa vitanda na makabati, na usiku hupiga gitaa katika kikundi chetu cha taarab. Gitaa ninalotumia ni la kuazima na mwenyewe ameshaanza kulidai, kwa hivyo nimeazimia kujiundia langu. Ninao ubao wa mvule wa unene wa sentimita 5 uliobaki kwenye kazi ya mlango, na kipande kirefu cha mfenesi kilichokaa juu ya dari ya karakana tangu kabla ya masika ya mwaka jana. Randa, patasi, tupa, jiriwa na keekee ya umeme ninazo.

Naomba mnisaidie katika mambo haya. Kiwiliwili nikichonge kwa mti upi kati ya hiyo miwili? Shingo niichonge mwenyewe, au niagize iliyokwisha kutiwa freti, vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo? Tena, kwa kuwa vidole vyangu vimezoea udi, je, ninaweza kufunga nyuzi za udi katika gitaa la umeme? Mwisho, gitaa hili la kuazima huvuma sana likiunganishwa na amplifaya, nami nisingependa langu liwe na aibu hiyo.

Fundi wa Malindi

Waalaykumu salaam, fundi mwenzangu. Chukua mfenesi. Mvule ni mti wa heshima na milango yetu ni shahidi, lakini kiwiliwili cha unene wa milimita 45 kikichongwa kwa mvule mtupu kitakulemea begani kabla nyimbo ya tatu haijesha. Isitoshe, unajua mwenyewe kwamba ndani ya mvule huwamo vijiwe vya chokaa ambavyo havionekani mpaka patasi igonge na kung'oka meno. Katika mlango utaziba, lakini ukikutana nacho wakati unachimba tundu la pikapu, kile kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi, ukingo wote humeguka. Vumbi lake nalo huwasha ngozi na kubana kifua, basi hata ukiutumia kwa kazi ndogo funga barakoa. Mfenesi kwa kawaida ni mwepesi kidogo, huchongeka bila ugomvi, na katika India ya Kusini ndio mti wanaochongea vina, ala yao kubwa ya nyuzi.

Kukaa darini peke yake si ushahidi kwamba ubao umekauka. Upime kwenye mizani ya duka la jirani, andika uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe, kisha urudie kila wiki. Siku utakapoona uzito umeacha kushuka, ndipo uanze kukata. Usiipige randa ya mwisho katikati ya masika, kwa sababu ubao utakaonyooka katika unyevu ule utapinda kaskazi ikiingia.

Nyuzi Sita

Nakubaliana na fundi kuhusu mfenesi, ingawa kwa sikio langu mti wa kiwiliwili una mchango mdogo katika sauti ya gitaa la umeme kuliko watu wanavyodai. Kinachoamua ni pikapu, nyuzi, na usahihi wa vipimo, na vipimo vyote vimo kwenye shingo.

Ushauri wangu ni kwamba gitaa la kwanza uagize shingo iliyo tayari. Ukishikilia kuchonga, elewa hesabu yake. Tuseme umechagua urefu wa uzi wa milimita 648, ambao ndio wa magitaa ya Fender. Gawa 648 kwa 17.817, utapata 36.37: hapo ndipo inapokaa freti ya kwanza kutoka kwenye kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa kilicho karibu na kichwa. Baki ni 611.63, igawe tena kwa 17.817, utapata 34.33, na freti ya pili itakuwa milimita 70.70 kutoka kwenye kizingiti. Endelea hivyo, na freti ya 12 lazima iangukie 324, nusu kamili ya uzi. Isipoangukia hapo, hesabu ina kasoro. Alama zote zipimwe kutoka kwenye kizingiti. Ukipima kutoka freti moja hadi nyingine, kosa dogo la penseli litajilimbikiza, na kufika freti ya 15 utakuwa unapiga sauti ambayo haipo hata katika udi.

Fundi wa Malindi

Nyuzi Sita, huyu ni seremala, tusimkatishe tamaa. Atafute mninga, ambao ukikauka haucheziki ovyo, na ubao wake uwe umepasuliwa kwa namna ambayo mishipa imesimama wima. Juu yake abandike ubao mwembamba wa mpingo wa kukalia freti, na kwa kuwa mpingo una mafuta, aupanguse kwa spiriti kabla ya kutia gundi. Ila kuna kitu kimoja asichonge wala asikibuni: chuma cha kurekebishia shingo, kinacholala ndani ya mfereji chini ya ubao wa mpingo. Nyuzi sita za chuma huivuta shingo kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wa kilo 40, na hakuna mti utakaostahimili hayo miaka yote bila msaada.

Waya wa Shaba

Kaka, nyuzi za udi ziache kwenye udi. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba, nayo husikia uzi wa chuma tu, kwa sababu ni chuma kinachotikisa nguvu ya sumaku. Nailoni haitikisi kitu, na hata zile nene za udi zilizozungushiwa shaba zitakaa kimya. Ukitaka ulaini, tafuta seti nyembamba ya chuma.

Kuhusu kuvuma, umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na pikapu ya koili moja huunasa kama inavyonasa uzi. Nunua zile za koili mbili zilizopangwa kinyume, ambazo Seth Lover wa kampuni ya Gibson alizibuni miaka ya 1950. Mvumo wa koili moja hufuta mvumo wa nyingine. Potenshiometa zake, yaani vile vya kuzungusha kuongeza na kupunguza sauti, ziwe za kilo-omu 500. Kisha bandika karatasi ya shaba katika mashimo yote ya ndani, uiunganishe kwa lehemu na waya wa ethi, na waya mwingine uende hadi kwenye kidaraja, kile kipande cha chuma kinachoshika nyuzi juu ya kiwiliwili. Hilo likishafanyika, nyuzi unazozishika zitakuwa zimeungana na ethi ya amplifaya, kwa hivyo amplifaya ambayo plagi yake imekatwa mguu wa ethi usiiguse kabisa. Mwite fundi umeme akague soketi mnazotumia, maana hapo ni roho ya mtu.

Seremala wa Wete

Nawashukuru sana. Nitatumia mfenesi na nyuzi za chuma, na shingo nitaichonga kwa mninga. Limebaki moja: mashimo ya kidaraja niyatoboe wakati kiwiliwili kiko mezani, au baada ya kutia shingo?

Nyuzi Sita

Baada, kaka, na usishawishike kutangulia. Ifunge shingo kwanza, halafu tandaza nyuzi mbili za kushonea kutoka kwenye kizingiti, moja kila ukingo wa shingo, hadi mwisho wa kiwiliwili; zitakuonyesha kama shingo imekaa upande, na kidaraja kinapaswa kuwa katikati yake. Upande wa uzi mwembamba, kiti cha uzi kikae milimita 648 au zaidi kidogo, na upande wa uzi mnene kirudi nyuma milimita chache tena, kwa kuwa uzi mnene ukibanwa sauti yake hupanda zaidi. Chagua kidaraja chenye viti vinavyosogezwa kwa skrubu, uviweke katikati ya mwendo wao, kisha ndipo utoboe.