Ushauri: Chuo kimebandika picha na namba yangu kwenye bango la "Soma Ualimu, Ajira Uhakika"

Mwl_wa_Walimu

Wakuu, habari za jioni. Uzi mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mhadhiri msaidizi, kitivo cha elimu, chuo binafsi ambacho sitakitaja. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka tu, watu wa masoko walimwaga mabango kuanzia stendi ya mabasi mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Soma Ualimu, Ajira Uhakika, Mkopo 100%." Pembeni ni mimi, nimeshika chaki (chaki yenyewe niliazimwa na mpiga picha), na chini yake namba yangu ya simu. Hakuna aliyeniuliza.

Simu zikaanza. Moja ndiyo imeninyima usingizi. Mzee mmoja wa upande wa Ifakara, kijana wake ana D ya Historia na D ya Kiswahili. Amekodisha shamba la mpunga kwa misimu miwili ili ada ya mwaka wa kwanza ipatikane. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa mwalimu, wakimaliza wanapangiwa vituo mwaka huo huo, au wanangoja kidogo?" Nikajiumauma, nikamwambia nitampigia. Mpaka leo sijampigia.

Simlaumu. Anakumbuka enzi za kabla ya 2016, mtu akimaliza chuo anasubiri tu wizara ya TAMISEMI itoe majina. Siku hizi unaomba kwenye Ajira Portal, mtandao wa serikali wa kuombea kazi, unaitwa kwenye usaili. Ule usaili wa walimu ulioanza Januari 2025, walioomba walizidi 200,000 na nafasi hazikufika 15,000. Mimi najua hayo, na sura yangu ndiyo iko kwenye bango.

Kingine kinachoniuma zaidi: kati ya kozi zinazotangazwa ipo ya mipango na uongozi wa elimu. Ni kozi nzuri kwa mwalimu aliye kazini anayetaka kusogea. Ila wanamuuzia mtoto aliyetoka kidato cha sita wakimwambia atafundisha sekondari, wakati haina masomo mawili ya kufundishia. Kule kwenye portal nafasi zinatangazwa kwa somo: Mwalimu Daraja la IIIC (ngazi ya wenye shahada) Fizikia, IIIC Historia. Huyu ataomba ya somo gani?

Nilimfuata mkuu wa masoko, akacheka: "Wewe fundisha, sisi tujaze darasa." Na kila mhadhiri kapangiwa kuleta wanafunzi 30. Mkataba wangu unaisha Oktoba.

Nikatae? Niandike barua? Nikae kimya? Na yule mzee nimwambie nini?

Kobe_Mtaratibu

Mkataba unaisha Oktoba, vita unataka kuanzisha sasa hivi? Zima simu, kula mshahara. Hao watoto usipowachukua wewe, chuo cha jirani kitawachukua na bango lao ni kubwa zaidi.

Dada_wa_Masoko

Nafanya kazi hiyo hiyo mnayoisema, chuo kingine. Mwalimu, ada ndiyo mshahara wako. Darasa likiwa na watu 11, menejimenti inakuja kuniuliza mimi, haikuulizi wewe. Na tukiwaomba wahadhiri mtuandikie maelezo ya kozi mnatupa kurasa sita za "malengo ya programu" ambazo mzazi hawezi kusoma. Tunaishia kubuni wenyewe.

Ila kwenye picha na namba mmeonewa, hilo nakubali. Na hiyo "Mkopo 100%" ni kosa, waiondoe leo. Mkopo unatoka Bodi ya Mikopo (HESLB), na Bodi ndiyo inayopanga nani apate na kiasi gani.

Binti_Bila_Kituo

Nimemaliza 2019, Jiografia na Kiswahili. Nimefanya usaili, sikupita. Nafundisha shule binafsi kwa laki mbili na nusu, mwezi mwingine inakuja nusu.

Dada wa Masoko, sina ugomvi na wewe. Lakini siku ile kwenye maonesho ya vyuo pale Mnazi Mmoja niliuliza swali moja tu: nichukue masomo gani? Nikajibiwa "yoyote, ualimu ni ualimu". Kidato cha sita nilisoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Ningeweza kuchukua Kemia na Baiolojia. Nilikimbia Kemia kwa sababu aliyevaa fulana ya chuo aliniambia zote ni sawa.

Kaka, mpigie huyo mzee leo. Shamba likishakodishwa msimu umekwenda.

Mtoto_wa_Kisumu

Huku Kenya ni yale yale. Tuliambiwa junia sekondari (gredi ya 7 hadi 9) italeta kazi tele. 2023 vijana wenye digrii wakachukuliwa kama interns, shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka uliofuata wakaingia barabarani. Mabango ya vyuo hayakubadilika hata neno.

Babu_wa_Seneti

Nimefundisha vyuoni miaka mingi, sasa nimestaafu. Kijana, usiende kwa masoko tena, wale siyo waliokuajiri. Andika dokezo kwa mkuu wa idara, nakala kwa mkuu wa kitivo. Usilalamike kuhusu maadili, watakuona mhubiri. Andika mambo mawili: picha na namba vimetumika bila ridhaa yako, na bango linaahidi mkopo na ajira ambavyo chuo hakina mamlaka navyo. Hilo la pili litawatisha, maana mzazi akilipeleka bango TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, watakaojieleza ni wao. Kisha ambatanisha maneno mbadala. Ukikosoa bila kuleta mbadala, bango litabaki.

Habari ya kuleta wanafunzi 30 usiiguse kwenye dokezo hilo.

Mwl_wa_Walimu

Asanteni. Babu, dokezo nimelipeleka asubuhi.

Mzee nimempigia. Nimemweleza kuhusu usaili, na kwamba Historia na Kiswahili ndiko kwenye foleni ndefu. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha: "Kwa hiyo mwalimu, lile bango siyo lako?" Nikasema picha ni yangu, maneno siyo yangu. Akacheka kidogo. Pesa ya shamba ameshapokea ya msimu mmoja, wa pili atazungumza na mpangaji. Kijana bado anautaka ualimu, anasema ameupenda tangu la tano. Hapo sikuwa na la kumjibu.

Maneno niliyoambatanisha ni haya, nisahihishieni: "Shahada ya Sanaa na Elimu. Inatambuliwa na TCU. Utasomea masomo mawili ya kufundishia na kwenda mazoezi ya kufundisha shuleni. Ajira serikalini ni kwa kuomba na kufanya usaili. Mkopo huombwa HESLB."

Dada_wa_Masoko

Refu, ila linafaa. Ungeyataja masomo yenyewe, mzazi ayaone kabla hajapiga simu.

Binti_Bila_Kituo

Na namba weka ya ofisi.